Nilituma Arobaini, Ikashika Arobaini na Nane

Jumatatu, 6 Julai

Baridi. Asali imeganda tena ndooni. Neema ananyonya, naandika kwa mkono mmoja. Nimeunganisha waya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ile kadi ndogo inayowasha na kuzima balbu za sanduku la kupashia asali. Kinamama wa kikundi cha kanisa letu la Moravian wamenipa ndoo moja ya kujaribia. Ikitoka safi, zote zitapita kwangu. Ikiharibika, tunarudi kwenye kuni na moshi, watoto mgongoni. Nimeandika 40, nyuzi za joto ninazotaka, nikatuma. Balbu zimewaka. Itaweza.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Asali imekolea rangi. Inanuka kama imeungua. Kipimajoto kinasoma 48.

Mama mkwe, mwenyekiti wetu, ameonja. "Mama Neema, hii ni ya kupikia wanzuki. Wamoraviani mwaka huu tunauza pombe."

Wamecheka wote. Mimi sikucheka. Nimeomba ndoo nyingine.

"Chukua ya kwangu, basi. Ukiiunguza na hiyo, sanduku tunafugia kuku."

Nimekubali. Imeniuma, lakini sitaacha.

Jumatano, 8 Julai

Neema anaota meno. Nimechoka mpaka macho. Ndoo ya mama mkwe sijaigusa. Nimejaribu sanduku tupu. Nikituma 40, linapanda hadi 48. Nikituma 30, 48 ileile. Nikituma 45, 53.

Mchana nikaelewa. Kadi haipokei arobaini. Inapokea alama moja moja: nne, kisha sifuri, na ya mwisho inafuta ya kwanza. Tena kila alama ina namba yake maalumu kwenye kompyuta. Ya sifuri ni 48. Hiyo ndiyo niliyoifanya kuwa kiwango cha joto. Kosa langu, si la mashine.

Nimeandika maelekezo ya kadi upya. Ikusanye alama mpaka nibonyeze enta, izigeuze namba moja, inijibu imesikia nini. Ikizidi 42, ikatae.

Neema alitaka kubonyeza na yeye. Nimembusu vidole. Hapana ni hapana. Amelia, akanyamaza.

Ijumaa, 10 Julai

Imejibu 40. Kipimajoto kimesimama hapohapo tangu jana, ndoo ya mama mkwe ikiwa ndani.

Mama mkwe amechuja mwenyewe kwa kitambaa. Imeshuka nyepesi, rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Amelamba kidole, akaenda zake.

Jioni nimekuta ndoo za wenzangu mlangoni. Hakuna aliyepiga hodi. Neema amelala. Nimezifunika vizuri, sisimizi wasiingie.