Kabla Sijaitwa Mumba

Yaya Mumba, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia leo mchana kwa sababu kesho nitakuwa nimechelewa. Kesho Mama Mkubwa Feza atanikalisha kwenye mkeka mbele ya ukoo na kuniita kwa jina lako. Nikiitika, basi, jina lako ni langu na watoto wako ni wangu. Mimi Ngosa, mdogo wako uliyekuwa ukimwita Kichwa Ngumu mbele ya wateja, nitakuwa Mumba wa soko la Kashikishi, na kukuandikia wewe itakuwa ni kujiandikia mwenyewe. Kwa hiyo uvumilie mwandiko. Nimekaa juu ya gunia la chisense, na wale samaki wadogo wakavu wanavunjika kila nikijigeuza. Ungeniona ungenifukuza.

Unajua nilikataa. Mama Mkubwa alivuka ziwa kutoka Kilwa yetu ya Kongo kwa mtumbwi wa wachuuzi, akafika siku moja baada ya kukuzika, na mtu wa kwanza aliyemwomba alichukue jina lako ni mimi. Nikamwambia atafute mwingine. Akarudi tena na maneno matamu, nikasema hapana. Watu wakanong'ona kwamba naogopa kulea. Kulea nini? Gloire na mdogo wake nani alikuwa akiwaogesha wakati wewe unaongea na Ubelgiji?

Nilikataa kwa sababu kwetu anayevishwa jina la marehemu hamlii tena. Atamliaje mtu ambaye ni yeye mwenyewe, amekaa pale, anakula ugali? Wanakufuta uso, wanakunywesha maji, kilio kimekwisha, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Na mimi sijamaliza, Yaya. Hata nusu sijafika.

Sasa nikueleze jinsi nilivyonaswa, na kosa ni la lile darasa lako.

Nianze nyuma kidogo, maana napenda kurudi huko. Unakumbuka siku Ticha Chanda alipoingia sokoni na tai yake, akiuliza kwa Kibemba kama kuna Mkongomani anayejua kusoma? Wanafunzi wake wa Nchelenge walikuwa wameanza kujifunza Kifaransa kwa simu na shule moja ya Ubelgiji, na wale wa Ubelgiji walitaka nao wafundishwe Kiswahili. Yeye Kiswahili alichokuwa nacho ni cha bei ya samaki tu. Nikakuonyesha wewe kwa kidole, kwa utani. Ukasimama na magamba ya samaki mikononi, ukamjibu kwa Kifaransa cha ubaoni, kile ulichokuwa ukifundishia kabla ya vita kutukimbiza. Maskini Chanda akabaki ameshika tai. Halafu akakuita madamu. Tangu tuvuke ziwa, tangu kambi ya Kenani walikotuandikisha na kutugawia mablanketi, hakuna aliyekuwa amekuita madamu. Siku ile nzima uliuza samaki ovyo, hukubishana na mtu hata mmoja.

Nilikuwa na wivu, nakubali. Kila Alhamisi ulikuwa unanawa, unafunga kile kitambaa chako cha njano, unaegemeza simu kwenye ndoo pale mlangoni pa jiko ambapo mtandao unakubali, na mimi na mabeseni yangu tunafukuzwa. "Ngosa, toka mu picha, unaniharibishia vocabulaire!" Eti msamiati. Nilikuwa nikipita nyuma yako makusudi nimebeba samaki kichwani, wale watoto wanacheka, wewe unanitazama kwa jicho la Madamu wa darasa la tatu.

Lakini nilikuwa nasikiliza. Kitabu chao kilianza na wanyama, simba, twiga, tembo, na wewe ukawauliza ni nani kati yao atakwenda kumwamkia twiga. Ukakiweka pembeni. Ukawafundisha kununua samaki na kukataa bei. Ukawafundisha kwamba kwa mtu hufiki tu na kuanza kumwaga maneno: unamwita kwanza, unangoja aitike, ndipo unaongea. Kwa hiyo kila darasa lilianza hivyo, wote pamoja, "Mama Mumba, uko?" na wewe, "Niko!" kwa sauti ambayo kuku wa jirani walikuwa wanaikimbia. Ukawafundisha hata namna ya kwenda msibani. Nikakwambia baadaye, watoto wa watu unawafundisha vilio, huogopi? Ukanijibu, "Siku moja watafiwa." Na kwenye simu ulikuwa umewakataza maneno mengi, "Mu kilio habasemake mingi. Unafika, unaikala chini, unabakia."

Sasa, Alhamisi ile baada ya kukuzika. Tulikuwa bado tunalala nje, wanawake wote kwenye mikeka, na simu yako ilikuwa mapajani mwangu kwa sababu sikutaka mtu mwingine aishike. Ticha Chanda alikuwa kwenye semina mjini Mansa, habari zako zilikuwa hazijafika Ubelgiji. Simu ikalia. Nilitaka kuinyamazisha, kidole kikagusa pasipotakiwa, ikafunguka. Picha ilikuwa imezimwa, wewe mwenyewe ulikuwa ukiiweka hivyo kila darasa likiisha, ili kuokoa bando. Zikaja sauti tu, za watoto wote, mbele ya waombolezaji wote.

"Mama Mumba, uko?"

Nikasema, "Niko."

Sijui ilitokaje. Mdomo ni wangu, hilo siwezi kulikataa. Wale watoto wakapiga kelele za furaha, maana ulikuwa umewapotea. Sauti zetu zimefanana, hata Mama alikuwa akituchanganya. Noé, yule mtoto ambaye wazazi wake walitoka Lubumbashi, akawapita wenzake wote kwa sauti: "Mama Mumba, nimesema na kambo! Kwa simu! Alilia, halafu akacheka. Ameuliza nani amenifundisha." Kambo yake, yule bibi ambaye hajui lugha nyingine zaidi ya Kiswahili, ambaye mjukuu wake tangu azaliwe alikuwa akimpungia mkono tu kwenye simu. Ningemwambia nini pale? Nikasema, "Vizuri sana, mwanangu," na mtandao ukakatika kama kawaida yake. Sijawahi kuushukuru vile.

Nikainua macho. Waombolezaji wote walikuwa wamegeuka kunitazama. Mama Mkubwa alikuwa ameweka mkono kifuani.

"Bon," akasema. "Anaisha kuitika. Jina inaisha kupata mutu."

Eti nimekwisha kuitika, jina limepata mtu! Nikapiga kelele kwamba ile ni simu! Simu haihesabiwi! Wakaanza kubishana, Yaya, ungecheka hadi ushike mbavu. Wengine wakasema mwito bila mkeka si mwito. Wengine wakasema watoto wa Wazungu si ukoo, hawana haki ya kumkalisha mtu. Mama Mkubwa akawajibu kwamba marehemu hajui mkeka wala hajui simu, anajua jina lake. Mimi nilikuwa nikitafuta maneno ya kumjibu, na ninayo siku zote, unanijua.

Ndipo nikasikia ndoo ikianguka.

Gloire alikuwa anatoka bombani. Tangu njiani alikuwa amesikia wanafunzi wako wa Ubelgiji wakikuita, na sauti yako ikiitika. Alikuja mbio na ndoo yake, gauni limelowa, kiatu kimoja kimebaki njiani. Akasimama mlangoni, akatazama ndani ya jiko, akatazama ndoo uliyokuwa ukiegemezea simu. Halafu akaniona mimi, na simu mapajani mwangu, akaelewa. Hakulia. Nilitamani alie. Alikuja akakaa chini, akaniegemea magotini kama alivyokuwa akikuegemea wewe ukimsuka. Tangu mazishi alikuwa hakubali mtu amguse.

Maneno yangu yote yakaisha hapo. Nikamwambia Mama Mkubwa nitakaa kwenye mkeka wake. Lakini nikamwomba jambo moja, wale watoto kwanza waambiwe. Sikutaka kuingia kwenye jina lako kwa mlango wa uongo.

Ticha Chanda aliporudi alitaka kuwaandikia yeye, kwa upole wake na Kiingereza chake kizuri. Nikakataa. Alhamisi iliyofuata nikanawa, nikafunga kitambaa chako cha njano, nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikawasha picha na bando liishe likitaka. Gloire akakaa kando yangu. Ticha Chanda akasimama nyuma yetu.

"Mama Mumba, uko?"

Nikanyamaza. Yaya, kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko kukuzika. Wakaita tena, sauti zimepungua, maana sasa walikuwa wananiona. Nikawaambia polepole, kwa Kiswahili chetu, ili waelewe bila mtu kuwatafsiria: "Mama Mumba haiko. Alikufa. Homa ilimukamata. Mi ni Ngosa, mudogo yake. Siku ile ni mi niliitika."

Mwalimu wao akaziba mdomo. Nikajiandaa kwa maswali, kwa sababu wale watoto ni wa maswali, ulikuwa ukilalamika mwenyewe. Halikuja hata moja. Noé akatoka kwenye kiti chake akakaa chini, na sisi tukabaki tunaona nywele zake tu. Akafuata msichana mwenye miwani. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka kwenye simu kukabaki viti vitupu na ramani ukutani. Mwalimu wao naye akashuka. Hakuna aliyesema pole. Walifika, wakaikala chini, wakabakia. Na sisi tukawa tunatazama viti, mpaka bando likaisha.

Nililia pale, Yaya. Siku ya kukuzika nilikuwa mtu wa kupika na kupokea wageni, sikupata nafasi. Pale mlangoni pa jiko nililia mpaka Mama Mkubwa akaja kuangalia kuna nini, na alipoona akarudi zake. Gloire naye alilia, mwishowe. Tulishikana kama watu wanaovuka mto.

Basi hizo ndizo habari zako. Nyingine ni ndogo. Beseni lako la bluu limepasuka, na aliyelipasua ni mimi. Mdogo wake Gloire ameota jino, anamwonyesha kila mtu, hata wateja. Mvua zimewahi, chisense hazikauki vizuri. Noé ameniuliza kama anaweza kumtuma kambo yake anisalimie, na bibi mwenyewe akanitumia sauti kutoka Lubumbashi, ndefu, anakushukuru wewe. Nimeisikiliza peke yangu kule ziwani, na sitaifuta.

Ticha Chanda anasema wanafunzi wake bado wanamhitaji mtu wa kukaa kwenye simu na Ubelgiji, la sivyo uhusiano utakufa, na Kifaransa chao kitabaki bonjour peke yake. Nimemwambia nitakaa. Kifaransa changu ni cha sokoni, unakijua, nikikasirika ndipo kinatoka vizuri. Lakini Gloire anacho chako. Anakaa kando yangu na kunisahihisha mbele ya watu, na lile jicho, Yaya, lile jicho la darasa la tatu, amelirithi bila mkeka. Chanda aliniuliza pia kama abadilishe jina linaloonekana kwenye simu, maana bado limeandikwa Mama Mumba. Nikamwambia aliache.

Nakuahidi haya. Alhamisi darasa litakuwepo. Gloire atasoma mpaka yeye mwenyewe aitwe madamu. Mdogo wake hatalala njaa wala hatasahau sura yako, nitamwonyesha zile picha za darasa zilizobaki kwenye simu, ambazo ulikuwa ukinifukuza ndani yake. Na kilio sitakimaliza kesho. Watanifuta uso na nitawaachia wanifute, lakini mimi na wewe tutajua.

Samaki wamevunjika vya kutosha, acha niinuke. Mama Mkubwa anautandika mkeka sasa hivi, upigwe jua. Kesho ataniita na nitaitika mbele ya wote, kwa sauti ya kufukuza kuku wa jirani. Leo bado mimi ni Ngosa, na Mumba bado ni wewe. Lala salama, Yaya. Nakuita mara hii moja, ya mwisho, kama watoto wako wa Ubelgiji:

Mama Mumba, uko?

Usihangaike kuitika. Pumzika. Nitaitika mimi.

Mdogo wako,
Ngosa