Goti la Mtani Wangu

Shangazi Ngoné, nisaidie kabla ya Jumapili,

Mimi ni Mserere wa Pikine, nasomea chuo hapa Dakar namna mwili unavyokwenda michezoni, yaani nambandika mwanamieleka vidoa vinavyong'aa kwenye nyonga, magoti na vifundo, nampiga video, kompyuta inanipimia jinsi viungo vinavyojikunja, na kati ya niliowapima yumo kaka yangu Birame na yumo Malang, mchumba wangu, ambaye ni Mdiola, basi Jumapili hao wawili wanakutana uwanjani, na mimi nimeona kwenye video kwamba Malang akijisukuma kumvamia mtu, goti lake la kushoto linaingia ndani vibaya sana, mwalimu wangu naye kaliona, kasema asipopumzika na kulitia nguvu, kano itakatika. Nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini, maana unajua Waserere na Wadiola ni watani, tangu tujuane mimi namwita mtumwa wangu mla wali naye ananiita mtumwa wake mla mtama, na safari hii kasema, "Kaka yako kakutuma, we mtumwa. Kamwambie hirizi ya bibi yangu iko kwenye goti hilohilo." Nikalia, akazidi kucheka, eti nimejua kuigiza. Huku nyumbani Birame kaniganda, anataka nimtajie udhaifu wa Malang, na mama anasema nimesomeshwa kwa jasho la nyumba hii, nisiwe mchoyo. Shangazi, nikimtajia Birame namvunja mguu mume wangu mtarajiwa, nikinyamaza ataumia vilevile. Nifanyeje?

Yandé, Pikine

Yandé mwanangu, pole, ila nawe umejitakia. Kila siku unamwita mtumwa, halafu ghafla ulitaka akusikilize kama daktari? Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Sasa acha kulia. Mtani akija kuomba kwa dhati mbele ya wazee, hakataliwi, na hilo Malang analijua kama unavyolijua wewe. Nenda kwao kesho kabla ya chakula cha mchana. Vua viatu, keti mkekani mbele ya mama yake, mwite Malang kwa jina lake na la ukoo wake, na usicheke hata akikuita mla mtama. Waonyeshe video polepole, goti la kulia kwanza, kisha la kushoto, wajionee wenyewe. Halafu sema, "Naomba goti hili, kama mtani wenu." Mama wa Kidiola akisikia hivyo, mwanawe haingii uwanjani. Pambano litaahirishwa, watu watanuna, kisha watakula na kusahau.

Hirizi iacheni palepale. Haimzuii mtu kufanya mazoezi.

Birame usimwambie kitu. Mtu aliyekuruhusu umpime kakukabidhi mwili wake, na hiyo ni amana hata angekuwa si mchumba wako. Mama akigomba, mwambie mimi ndiye niliyekukataza. Na kaka yako akiendelea kukuganda, mpe salamu zangu: shemeji yake akilemaa, yeye Birame ndiye atakayembeba bwana harusi mgongoni siku ya harusi, ngoma zikilia na Pikine nzima ikitazama.