Gari la Baba Haliuzwi na Ugonjwa Wake

Münsingen, Ujerumani
Jumapili, 28 Januari 2024

Mpendwa Mjomba Ewald,

Nisamehe. Barua yako ya rambirambi za Baba ilifika Oktoba. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaiweka juu ya friji nikisema kesho nitajibu. Kesho hiyo imechukua miezi mitatu. Sina kisingizio ila watoto wawili, na huyu mdogo, Gustav, anaota meno yote kwa mpigo kama anakimbizwa.

Hujambo lakini? Mgongo umepoa? Mama Dorle bado anaimba kwaya, au baridi ya Calgary imemfunga koo? Huku sisi ni wazima. Frieda ametimiza miaka mitatu na anamwamuru kila mtu humu ndani. Mama anakula, nashukuru hilo. Jana alimaliza sahani nzima ya dengu na tambi, akaomba siki zaidi. Kiti cha Baba bado hataki kisogezwe, nasi hatukisogezi.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Ni gari la Baba.

Unalikumbuka, lile la rangi ya fedha lenye injini nyuma. Ulipokuja kwenye harusi yangu ulilizunguka mara tatu, ukamuuliza, "Gerold, hili limeshabadilishwa beringi?" Baba akacheka mpaka akakohoa. "Ewald, gari hili halijawahi hata kunyeshewa!"

Ni kweli halikuwahi. Miaka kumi na minne alilitoa Jumapili kavu tu, akaenda kununua keki, akarudi, akalifuta, akalifunika shuka. Namba zake za msimu zilimruhusu kuliendesha Machi hadi Oktoba tu, na hata katika miezi hiyo wingu moja lilitosha kumrudisha ndani. Oili alibadilisha kila mwaka wa tatu. Ukimuuliza, anakujibu, "Kwani limetembea?"

Mjomba, aliliua kwa mapenzi. Ulinieleza mwenyewe siku ile ya harusi, nami nimevaa gauni jeupe, kwamba beringi ile ya nyuma, inayobeba shafti ya kuvuta minyororo ya vali, imezibwa ikiwa na grisi yake ndani. Gari likikaa sana, grisi inakwisha, oili chakavu inapenya na kukaa humo, na vigololi vinaanza kumomonyoka. Siku beringi ikivunjika, minyororo inaruka, vali zinagonga pistoni, na injini inakufa kabla hujafika pembeni ya barabara. Wanaume wa hapa wanaamini gari linalolala ndilo linalodumu. Baba naye aliamini hivyo.

Basi wiki ya Krismasi kaka yangu Volkmar akapata mnunuzi, nesi kijana wa Reutlingen anayeitwa Kilian. Nikamwomba Volkmar aniache kwanza nitazame oili. Akaniambia, "Watazame watoto wako." Nikawalaza watoto wangu saa saba mchana, nikaenda kuitazama.

Nilitoa chujio la oili, nikakata karatasi yake kwa kisu cha mkate, nikaikunjua mkunjo kwa mkunjo juu ya karatasi nyeupe ya kuokea. Kisha nikapitisha sumaku ya friji. Vipande kumi na kimoja vya chuma vikarukia sumaku, vyembamba kama magamba ya samaki. Vingekuwa vya alumini visingeshika. Nikakuta pia punje mbili za plastiki nyeusi, ambazo ni za kizibo cha beringi yenyewe. Nikalala chini ya gari nikapapasa pale injini inapokutana na giaboksi. Mkono ulirudi na oili.

Nilimpigia Volkmar hapohapo. Akasema vumbi la chuma lipo katika kila injini, na kwamba Jumamosi niwe na adabu mbele ya mgeni.

Jumamosi hiyo nilikwenda gereji na Gustav kifuani kwenye mbeleko, sahani ya vile vipande mkononi. Volkmar alikuwa ameshaipasha injini moto ili iungurume vizuri. Alikuwa anamwambia Kilian, "Mzee alikuwa analifuta hata tumboni!"

Nikasema, "Kilian, karibu. Hebu shika sumaku hii."

"Tabea," akasema Volkmar, "mtoto analia."

"Halii. Amelala."

"Basi nenda naye ndani, baridi."

"Kavaa kuliko wewe. Kilian, hivi vimetoka kwenye chujio. Beringi ya nyuma imeanza kuliwa. Ukilinunua leo, linaweza kukufia njiani kesho, au mwakani."

Volkmar akacheka kile kicheko chake cha baa. "Dada yangu kazi yake ilikuwa kufunga matairi kabla hajazaa. Sasa kawa daktari wa injini!"

Nikamjibu, "Matairi yako nani alifunga? Yamewahi kuchomoka?"

Yule kijana alipitisha sumaku juu ya sahani, vipande vikarukia. Mwisho akanipa mkono, mimi, si Volkmar, akasema, "Asante. Mchumba wangu ndiye angekaa kiti cha pili." Akaondoka.

Sitakudanganya, Volkmar aliniambia maneno ambayo sitayaandika kwenye karatasi. Alisema nimelitia aibu jina la Baba. Nikamwambia jina la Baba lingeaibika pale kijana wa watu angesimama katikati ya barabara kuu na injini iliyopasuka. Akasema kuna mfanyabiashara asiyeuliza maswali, atalipeleka kwake Jumatatu.

Jumatatu hakulipeleka. Maana Jumapili mimi na Simon tulilipandisha juu ya stendi na kushusha giaboksi. Simon aliponiona nachukua spana alisema, "Mke wangu, huna usingizi wa kutosha kushika kijiko." Nikamwambia anishikie jeki. Sasa limekaa hewani kama kuku aliyenyonyolewa, na hakuna wa kuliendesha kwenda popote.

Mama ndiye aliyekata shauri, maana gari ni lake mpaka atakaposema vingine. Alituita mimi na Volkmar mezani, akasema, "Mpaka tarehe mosi Machi ni la Tabea. Likiwaka, linabaki. Lisipowaka, Volkmar ataliuza kwa vipuri, na sitaki kusikia kilio." Kisha akaenda kupasi nguo.

Kwenye baa wanacheka, nasikia. Wanasema mama mwenye nepi begani kafungua injini. Waache wacheke. Najua vipande kumi na kimoja si mia. Vingekuwa mia, uchafu ungekuwa umeshaenea na injini yote ingetakiwa kupasuliwa, ningenyamaza. Nilifungua sampu pia, lile bakuli la oili chini ya injini, nikaikuta safi. Bado muda upo, ila si mwingi.

Nafanya kazi wakati Gustav analala mchana, saa moja na nusu akiwa na huruma. Klachi na flaiwili nimeshatoa. Kifuniko cha beringi nakiona, bolti tatu, kinavuja jasho. Sijakigusa. Sitakifungua kabla sijafunga shafti zisizunguke, maana nikikosea hapo minyororo itahama na nitakuwa nimeiua injini mimi kwa mkono wangu. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyetoa beringi kama hizi nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Likiwaka sitalifunika shuka. Nimeshaomba namba za mwaka mzima. Vile viti viwili vidogo vya nyuma vinatosha watoto, nimepima. Nitampeleka Frieda chekechea nalo kwenye mvua na kwenye theluji, na oili nitabadilisha kila vuli na kukata chujio kila mara.

Nisalimie Mama Dorle na binamu zangu Hartmut na Sieglinde. Mama anakusalimu, anasema nduguye amekonda kwenye picha, ale. Simon na watoto wanakukumbatia. Mungu akulinde wewe, mgongo wako na mikono yako.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, hata nisipoandika,
Tabea

Ninavyohitaji, kabla ya tarehe kumi na tano Februari:

Kile chombo chako cha kuvutia beringi, nitakirudisha kimefutwa.
Vyuma vya kufungia shafti za vali, pande zote mbili, na pini ya kufungia shafti kubwa.
Beringi mpya ya wazi, ile inayooga oili ya injini, si ya kuzibwa. Safu moja ya vigololi. Nimepima mara mbili na picha ya kipimo iko ndani ya bahasha.
Sili ya kifuniko na bolti zake tatu mpya.
Sili kubwa ya nyuma ya injini, maana nimeshafika hapo.
Karatasi moja kwa mwandiko wako: kipi kwanza, kipi baadaye, na kila bolti inakazwa kiasi gani.

Sanduku liandike jina langu. Usiandike la Simon, wala la Volkmar. Tabea Rauscher, gereji.