Njia ya Ziwani Haifungwi

S.L.P. 46,
Barabara ya Mlimani.
9 Agosti

Mpendwa Mpwa wangu,

Ni matumaini yangu kwamba kile kikohozi kimekuacha, na kwamba mume wako na watoto hawajambo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake. Uniwie radhi kwa kukawia kujibu.

Umenishauri kwa upole niiache njia ya ziwani, kwa kuwa hoteli mpya imeiwekea mnyororo na mimi ni mzee. Nimeisoma barua yako mara mbili, mwanangu. Siwezi.

Kwanza nikiri kosa langu. Mnyororo ulipowekwa, nilimwandikia meneja kama tulivyofundishwa misheni: nikaomba radhi kwa kupita katika “eneo lako” na kwa usumbufu wowote. Kumbe barua hiyo kaipeleka ofisi ya ardhi, ati nimekiri kwa mkono wangu kwamba njia ni yake! Adabu yangu imenitia kitanzini.

Marehemu mke wangu nami tuliifyeka njia ile kila baada ya mvua, miaka thelathini na minane, tangu ziwa lilipokuwa limejificha kule juu hata wachungaji wengi hawakulijua. Hatukumwomba mtu ruhusa.

Sasa napita kila asubuhi. Mlinzi wa hoteli ni mtu mzima, mstaarabu.

“Shikamoo, mzee. Leo tena?”

“Marahaba. Naomba unishikie fimbo nivuke mnyororo.”

“Mzee wangu, utanifukuzisha kazi!”

“Basi geuka utazame mlima.”

Naye hugeuka, fimbo yangu mkononi.

Jumanne afisa ardhi atakuja kukagua. Akiona njia haitumiki, itafutwa kwenye ramani. Nimemwandikia ukurasa mmoja, bila samahani hata moja: njia ni ya watu wote, na barua ile ya kwanza ilikuwa heshima tu, si hati. Nimemjulisha pia kwamba nitamngojea ng’ambo ya ziwa, penye jiwe bapa. Gari halifiki huko, mashua hakuna, na njia ni ile moja tu. Akitaka kunihoji, atembee.

Nisalimie sana mume wako, dada yako mwalimu, na kitinda mimba wako, yule Mbishi, mwambie asiache. Mwenyezi Mungu aichunge miguu yenu popote mkanyagapo.

Ni mimi nikupendaye,
Mjomba wako