Kombe Limekwenda Sikonge, Boti Imekwenda Usoke

Isevya,
Tabora.
30 Julai, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Abasi,

Assalaam alaikum. Na marahaba, nakuitikia kabla hujaniamkia, maana nakujua: ukifungua bahasha utaruka salamu zote ukimbilie habari za mashindano. Basi tulia kwanza. Hujambo? Wifi yangu Ummy hajambo? Watoto je, joto la huko Muscat limewaacha na nyama mwilini? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Baridi ya asubuhi imeingia na Mama hatoki jikoni mpaka jua lipande. Goti lake limepunguza kelele, ila yeye mwenyewe hajapunguza.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mbili. Kwanza, jirani yetu anakuja huko wiki ijayo na amekubali kubeba dumu la asali yako, kwa hiyo barua imepata usafiri wa bure. Pili, kwa simu huwa unacheka kabla sijamaliza kusema, na humu mna jambo ambalo sitaki ulicheke mpaka ufike mwisho. Nina la kukiri, Abasi. Nimekaa nalo tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Lakini kwanza mashindano yetu ya kuvutwa na boti juu ya maji, maana mambo hayo mawili yamefungana.

Injini uliyotuma haijatusumbua hata siku moja. Lile kasha iliyokuja nalo, uliloliandika maneno mekundu ubavuni, "Kwa dada aliyenishika mkono", Rashidi alitaka kulipasua kuni. Nikamwambia shemeji yako huyu mpenda kuni kwamba akiligusa atapika mwenyewe mwezi mzima. Nimeliweka chumba cha cherehani, naweka humo vitambaa vya wateja. Kila ninapokanyaga pedeli nayaona maneno yako.

Boti ilitengenezwa na fundi kutoka Kigoma, na Rashidi ndiye dereva wake. Mtu aliyeendesha malori miaka thelathini, leo anapiga honi bwawani! Mbao za kuvaa miguuni tulijaribu kuchongesha za mninga. Zilipendeza kuliko kabati la harusi, na zilizama kama kabati la harusi. Tukarudi kwenye zako za plastiki, na zile za mninga Mama amezifanya rafu ya vyombo.

Klabu zilikuwa tatu kama tulivyopanga: sisi wa Tabora mjini, Sikonge na Usoke. Kila klabu iwe mwenyeji mara moja, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, Mei, Juni na Julai, tumbaku ikiwa imeshatoka shambani na maji yakiwa bado yapo. Wanawake wote niliwashonea suti za kuingilia majini, suruali na gauni fupi la kujistiri, ili mtu asipate kisingizio. Muuguzi wa zahanati alikuja kila mara akatuhutubia kuhusu kichocho mpaka wengine wakatamani kurudi nyumbani.

Kanuni niliziandika mimi kutoka kwenye kile kijitabu chako. Unanijua. Nilizipiga chapa, nikazigonga muhuri wa klabu, nikazibandika kwenye kila mti. Kanuni ya nne ndiyo niliyoipenda zaidi: "Aliyeanguka ametoka." Hakuna kubembelezana. Usoke, mwezi Mei, ilifanya kazi vizuri sana. Waliosimama walihesabiwa, walioanguka walikwenda kula viazi.

Sasa kuna mama mmoja wa Usoke, anaitwa Minza, mkulima wa tumbaku na mwimbaji wa kwaya ya Kikatoliki, mke wa Masolwa ambaye ni mwenyekiti wa klabu yao. Minza hajawahi kusimama juu ya zile mbao hata sekunde moja. Boti ikivuta, yeye yuko chini. Lakini haachii kamba! Anaburutwa kwa tumbo kama gunia la mihogo, maji yanampiga usoni, Rashidi anapunguza mwendo kwa huruma, naye anapiga kelele, "Vuta, baba, vuta!" mpaka dumu la mwisho kati ya yale tuliyoyaelesha kuwa alama za njia. Halafu anatoka majini anacheka. Kule Usoke nilimwandikia sifuri na watu wakapiga makofi. Sikuliona kuwa ni jambo la kushangaza.

Kule Sikonge, mwezi Juni, ndipo palipochachuka. Kila klabu ilikuwa na turubai lake pembeni ya bwawa. Minza alipoanza kuburutwa, watu wakaanza kukimbia juu ya tuta la bwawa sambamba naye. Alipotoka, hawakurudi walikotoka. Wakabaki kwenye turubai la Usoke. Hata wapiga vigelegele wetu wa mjini, Abasi, niliwaona kwa macho yangu wakihama na viti vyao. Chini ya turubai letu nilibaki mimi, meza na muhuri.

Masolwa akasimama akatangaza kwamba Usoke wameshinda. Ujue huyu bwana ujanani alikuwa manju wa ngoma, na wewe unakumbuka mashindano ya ngoma ya kwetu: makundi mawili yanacheza yakitazamana, na mwenye watu wengi upande wake ndiye mshindi. Hakuna kalamu wala karatasi. Akasema, "Watu wameshahukumu kwa miguu yao. Katibu, andika."

Mimi nikasimama na karatasi yangu. Tabora alama arobaini na moja, Sikonge thelathini na nane, Usoke kumi na mbili. Na nikaongeza neno ambalo halikuhitajika. Nikasema, "Hapa si ngomani. Aliyeanguka ameanguka."

Masolwa hakugombana. Alikunja turubai lao, akapandisha watu wake kwenye trela la trekta, wakaondoka bila kunywa chai. Kesho yake Eliya, yule mfuga nyuki anayeongoza klabu ya Sikonge, akanipigia simu. Ni Mmoraviani mpole, hata ugomvi anauomba radhi. Akasema, "Mama Najiat, wageni wameondoka kwangu na njaa. Kama Usoke hawaji Tabora, nasi tutashindwa kuja." Kwa hiyo fainali ikabaki ya klabu moja, sisi wenyewe na vivuli vyetu.

Ulipopiga simu wiki ile ukauliza, nikakujibu mambo shwari. Nilikudanganya. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimechoka kuikanyaga.

Nikapanda treni kwenda Usoke. Nikamkuta Masolwa akirekebisha paa la bani lake, banda la kukaushia tumbaku. Siku zote huwa ananiamkua kwa Kinyamwezi, mwangaluka, na kuulizia mpaka kuku. Siku hiyo akanisalimu kwa Kiswahili cha ofisini: "Karibu, mheshimiwa katibu." Nilijua nimeumiza mtu.

Nikaomba radhi kwa lile neno la ngomani. Akaipokea. Nikamwambia lakini alama ni alama, Sikonge na Tabora wamefanya mazoezi, siwezi kumpa kombe mtu aliyeburutwa. Akasema, "Kombe nani amelitaka? Watu wamemchagua mtu wao, wewe umewaambia macho yao hayana maana."

Minza alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Akaniamkia shikamoo, kisha akaniuliza kwa upole tu, "Mama katibu, zile kanuni za maji umezijua wapi? Mbona sijakuona ukilowa hata vidole?" Masolwa akacheka, akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Watakuja Tabora, wote, kwa sharti moja: katibu naye ashike kamba.

Nikakataa. Nikasema naogopa maji. Minza akauliza nimeanza lini kuogopa. Na sijui nini kilinipata, labda ni kwa kuwa hanijui sana, nikajikuta namweleza jambo ambalo sijamwambia Mama, sijamwambia Rashidi, wala wewe.

Siku ile kule lamboni Ntalikwa, tulipokwenda kumsaidia Bibi kung'oa karanga. Uliteleza kwenye tope, nikaingia nikakushika mkono. Mpaka hapo hadithi yako ni ya kweli. Maji yaliponifika kifuani, nikahisi tope linanivuta na mimi, nikakuachia. Hukuponyoka, Abasi. Nilifungua vidole. Aliyekutoa ni yule mchunga ng'ombe aliyekuwa akinywesha upande wa pili. Ulipozinduka ulikuwa mapajani mwangu, ukadhani ni mimi. Ulikuwa na miaka sita. Mama akanipikia chapati, Baba akanisifu msikitini, na mimi chapati nikazila. Tangu hapo umekuwa ukiisimulia hadithi ile kwa kila mtu, mpaka kwa wanao, mpaka ubavuni mwa kasha, na kila ukiisimulia mimi nanyamaza. Hiyo ndiyo sababu sijaingia majini miaka arobaini na mitatu. Niliwaambia watu ni presha.

Minza aliacha maharage akaniuliza, "Mtoto alipona?" Nikasema alipona, yuko Muscat, anatengeneza boti. Akasema, "Kumbe alipona kabisa!" Akajipangusa mikono. "Haya, njoo nikuonyeshe namna ya kushika." Tukafanya mazoezi palepale uani kwa kamba ya ng'ombe, Masolwa akivuta, mimi na baibui langu nikiburuzika kwenye mchanga. Kuku walikimbia. Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui kipi kilianza.

Tulipoketi kunywa uji tukakubaliana, na Eliya akaridhia kwa simu: meza itoe kombe, watu watoe boti. Yaani mwenye alama nyingi atachukua lile kombe ulilotutumia, na atakayevuta watu wengi upande wake siku ya fainali boti italala kwake mpaka msimu ujao, na mashindano yajayo yataanzia kwake. Kanuni ya nne sikuifuta. Niliongeza ya tano.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa fainali. Watu walijaa pembeni ya bwawa kuliko siku ya mnada. Mama alikuja kwa bajaji akiwa na kiti chake. Alama zilipojumlishwa Sikonge walitupita kwa tatu. Eliya alilipokea kombe akaliombea dua palepale, hivyo jina la kuchonga juu yake ni la Sikonge, usimsumbue tena mtu kwa kuuliza.

Halafu zamu yangu ikafika. Minza alinivalisha jaketi la kuelea la kwake, akanifunga vifungo kama mtoto wa shule. Maji yalikuwa ya baridi. Yaliponifika kifuani niliogopa vilevile, hofu ileile ya Ntalikwa, haikuwa imezeeka hata siku moja. Rashidi aligeuka kunitazama, sijawahi kumwona uso ule tangu nilipomzaa Najiat. Nikamwambia vuta.

Nisikudanganye tena: sikusimama. Hata magoti sikukunjua. Nilikwenda chini palepale, maji yakaingia puani, ubao mmoja ukanitoka, na vidole vikataka kufunguka vyenyewe. Nilivisikia vikitaka. Nikavikaza, Abasi, nikaviambia leo hapana. Nikaburutwa mpaka dumu la mwisho. Nilipotoa kichwa nikasikia vigelegele, na tuta lote lilikuwa linakimbia.

Sasa balaa ni kwamba nilikuwa nimevaa jaketi la Usoke. Watu waliohamia kwangu walihesabiwa wa Usoke. Hata Mama, na goti lake lile, alikuwa amebeba kiti akakihamishia kwao! Masolwa alinyoosha mkono tu kuelekea umati, kisha akasema, "Mwangaluka, katibu." Boti imeondoka Jumapili juu ya trela la trekta, italala kwenye bani la tumbaku. Klabu yangu hainisemeshi. Wanasema katibu ameuza boti kwa kupenda kuogelea. Nawaacha wanune, najisikia mwepesi na nina furaha ambayo sikuwa nayo muda mrefu.

Mama nilimweleza Jumapili usiku. Akasema alijua. Yule mchunga ng'ombe alimwambia siku ileile. Nikamuuliza, mbona chapati? Akasema, "Ulikuwa na njaa, na ulikuwa mtoto."

Umebaki wewe. Sina haja unijibu haraka wala unijibu kwa maneno mazuri. Ukikasirika, kasirika, ni haki yako. Ila ukiwasimulia watoto tena, wasimulie vile ilivyokuwa, na umtaje mchunga ng'ombe. Lile kasha nimeligeuza, maneno yako yanatazama ukuta. Wewe ndiye utakayeniambia nilirudishe au libaki hivyo.

Mama anakusalimu na kukuuliza lini utakuja, Rashidi anasema injini inadai plagi mpya, Najiat anamwamkia Ummy, mke wa mjomba wake. Minza hakujui, lakini ameniagiza nikusalimu na kukupongeza kwa kupona. Asali ni ya mizinga ya Eliya, muwape na majirani. Mwenyezi Mungu awakinge na joto na awarudishe nyumbani mkiwa na afya.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyekuachia mkono mara moja, na kamba nikaishika mara moja,

Batuli.