Pilau Lao, Viazi Vyetu

Jumamosi usiku

Na shemeji yangu Asukile, mbele ya watu wote, akanywa soda ya watu wa kampuni. Kiu tu, anasema. Bado nina hasira naye.

Tulishakubaliana kanisani: hawa wa kampuni wanaotaka kujenga bandari kavu ya malori kwenye mashamba yetu wakija mkutanoni na chakula, hakuna kugusa. Ukila chao, kesho watasema ulikubali. Kwa hiyo akina mama tukachemsha viazi vyetu, tukaenda navyo. Pilau lao likapoa pale pale.

Naogopa, sitajidanganya. Wanaweza kuleta mitambo bila kutuita tena. Lakini leo, ukimtoa Asukile, hakuna aliyenyanyuka kufuata chakula chao.

Mwishoni njaa ikamshinda afisa wao, kijana wa mjini. Kula pilau peke yake aliona aibu, akamwomba Mama Neema kiazi. Akakila na chumvi, akauliza viazi vitamu namna hii vinalimwa wapi.

Mama Neema akamwongezea kingine kwanza, ndipo akamwonyesha kwa kidole kigingi chekundu cha kupimia bandari walichochomeka wenyewe shambani kwake.

“Pale pale, mwanangu. Kula ushibe.”