Aws Mtoto wa Nani?

S.L.P. 214,
Ibra, Oman.
11 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Muntasir,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, mkeo Hajar na kichanga chenu Aws hamjambo huko Uingereza. Sisi wazima, ila joto kali, na tende zimeanza kuiva. Baba magoti yanamsumbua, lakini kahawa yake bado anaitaka chungu na kwa wakati.

Sasa nikwambie, maana nimekasirika na sitaki kukuficha.

Ijumaa Baba aliwaita majirani waje kula halua ya mjukuu. Mume wangu Khattab akasoma ujumbe wako kwa sauti, furaha tupu: "Aws Cooper amezaliwa." Nawe unajua sisi tunavyotaja majina: la mtoto, kisha la babake, kisha la babu. Baba akaweka kikombe chini.

"Cooper huyu nani? Muntasir yuko wapi?"

Jirani yetu Mzee Marzouq akainamia kahawa yake. Watu wameondoka wakidhani mtoto ana baba mwingine! Aibu gani hiyo uliyomtia mzee?

Nilipokupigia ukanipa darasa. Eti umechukua jina la ukoo wa mkeo kwa sababu maombi yako ya kazi yalikuwa hayajibiwi. Eti Cooper ni jina la kale, la mafundi wa mapipa, na leo wenye jina hilo ni majaji na madaktari. Mapipa ya nini, mwenzangu? Ya maji ya zamzam? Ndipo nikakukatia simu, na ndiyo maana naandika.

Hajar simlaumu hata chembe. Aliposilimu, Baba mwenyewe alimwambia abaki na jina la babake, ni haki yake. Yeye kaachiwa babake, wewe wako umemtupa! Waliokunyima kazi kwa ajili ya jina wamekudhulumu, hilo nakubali. Lakini Aws ameomba kazi wapi?

Tangu siku ile Baba haketi na wageni. Kila nikimpelekea kahawa ananiuliza, "Kasema mtoto wa nani?" Nikimjibu mimi hatosheki. Anataka akusikie wewe. Mpigie, Muntasir, ungali una wa kumpigia.

Khattab na binti yetu Khulood wanakusalimu, na shangazi Rumaitha wa Sur pia, ingawa kanuna. Nibusie Aws. Mungu akulindeni, na amjaalie mtoto ajue alikotoka.

Dada yako akupendaye, pamoja na hasira zangu,

Khamisa binti Marhun bin Azzan